Kinoo cha Almasi: Jinsi ya Kukichagua na Kukitunza

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ukweli wa msemo huo huonekana kila siku katika mitaa ya Mchafukoge na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Muuza madafu aliyeegesha baiskeli yake karibu na Viwanja vya Mnazi Mmoja hufungua dafu kwa mapigo machache ya panga. Muuza nyama, mkata matunda, seremala na fundi cherehani, wote riziki yao imo katika makali. Chombo kikiwa butu, kazi huongezeka, mkono huchoka, na kisu huteleza badala ya kuzama. Hapo ndipo vidole vya watu huumia.

Kwa muda mrefu watu wa mjini wamenoa kwa njia nyingi: kwa ukingo wa saruji, kwa kitako cha bakuli la udongo, kwa tupa, kwa kinoo cha kaborandamu, au kwa kumwita fundi mwenye gurudumu linalozungushwa kwa pedali za baiskeli. Siku hizi kipo pia madukani kinoo cha aina nyingine: bapa la chuma lililofunikwa kwa chembe ndogo za almasi. Kinoo hiki hukata haraka na hakibonyei katikati. Lakini bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kinoo cha zamani, na wengi walionunua hulalamika kwamba baada ya wiki chache kimekufa. Husema, "Almasi imekwisha."

Je, yawezekana almasi, iliyo ngumu kuliko madini yote, ikaisha kwa kusuguliwa na kisu cha jikoni? Jibu la swali hilo lamfaa mwanafunzi wa fizikia na kemia, na lamfaa pia mwenye kibanda ambaye faida yake ya siku kadhaa imo katika ununuzi mmoja. Makala haya yataonyesha kwamba mara nyingi almasi haikwisha. Kilichoharibika ni kile kilichoishika, na aliyekiharibu ni mkono wa mnoaji.

1. Ugumu na uimara

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini kumi kwa safu, akifuata kanuni moja: lililo gumu hukwaruza lililo laini. Almasi ilikaa juu kabisa katika nafasi ya 10, korundi nafasi ya 9, na kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa pwani, nafasi ya 7. Kioo cha dirisha hukaa karibu na 5.5.

Safu ya Mohs huonyesha nani yu mbele ya nani, lakini haionyeshi umbali baina yao. Ugumu ukipimwa kwa kubonyeza ncha ngumu juu ya kitu na kutazama alama inayobaki, huonekana kwamba kati ya korundi na almasi kuna pengo kubwa. Korundi hupata takriban 2,000 katika kipimo hicho, kaborandamu takriban 2,500, na almasi 7,000 au zaidi. Chuma cha pua cha kisu kilichokazwa kwa moto hupata kati ya 700 na 800, na kwazi hupata karibu 800. Basi ni wazi kwa nini jiwe la mchanga hunoa polepole: chembe zake zimekizidi chuma kwa kiasi kidogo tu.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha ugumu na uimara. Kitu kigumu ni kile kisichokwaruzika kwa urahisi. Kitu imara ni kile kisichovunjika kwa urahisi. Almasi ni ngumu mno, lakini hupasuka ikipigwa, kwa maana fuwele yake ina pande ambazo hugawanyika kirahisi. Mtu akidhani kwamba kitu kigumu hakiwezi kuharibika, atakitumia kinoo chake kwa nguvu zote, na huo ndio mwanzo wa hasara.

2. Almasi ya kinoo yatoka wapi

Mwanafunzi wa Tanzania akisikia neno almasi hukumbuka Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mgodi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Karati moja ni sawa na gramu 0.2, kwa hiyo jiwe hilo lilikuwa na gramu 10.9.

Vinoo vya madukani havitengenezwi kwa mawe ya namna hiyo. Tangu mwaka 1797, Mwingereza Smithson Tennant alipothibitisha kwamba almasi si kitu ila kaboni tupu, wanasayansi walitamani kuigeuza kaboni ya kawaida iwe almasi. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu mwezi Desemba 1954, na habari zikatangazwa mwezi Februari 1955. Kaboni iliwekwa pamoja na metali iliyoyeyuka, katika kanieneo ya takriban mara 100,000 ya ile ya hewa na joto la takriban nyuzi 1,600 za Selsiasi. Siku hizi takriban almasi zote zitumiwazo viwandani hutengenezwa na binadamu, na China ndiyo mtengenezaji mkubwa kuliko wote.

Almasi hizo si bandia kwa maana ya udanganyifu. Atomi zake zimepangika kama zilivyopangika zile za Mwadui, na ugumu wake ni ule ule. Kwa hiyo muuzaji asemaye kwamba kinoo chake ni ghali kwa sababu almasi yake "ni ya mgodini" hana hoja ya kisayansi.

3. Kinoo kimejengwaje

Kinoo cha kawaida cha almasi kina sehemu tatu: bapa la chuma lililonyooka, chembe za almasi zilizotandazwa juu yake kwa safu moja tu, na utando wa nikeli unaozishika chembe hizo. Utando huu huwekwa kwa umeme, kama mwanafunzi anavyoona shaba ikihamia kwenye kijiko katika jaribio la elektrolisisi. Bapa na chembe huwekwa ndani ya mmumunyo wa chumvi ya nikeli. Mkondo wa umeme unapopita, nikeli hujijenga juu ya bapa mpaka izizunguke chembe zaidi ya nusu ya kimo chake. Ncha za almasi hubaki nje.

Hesabu ndogo itasaidia kuonyesha jambo lenyewe. Tuchukue bapa la milimita 150 kwa 50, lenye chembe za kipenyo cha mikromita 45, yaani milimita 0.045. Tufanye kwamba chembe ni tufe na kwamba zimefunika nusu ya uso.

Eneo la uso: milimita za mraba 7,500. Nusu yake: 3,750.
Eneo la kivuli cha chembe moja: takriban milimita za mraba 0.0016.
Idadi ya chembe: zaidi ya milioni 2, yaani kama 300 katika kila milimita ya mraba.
Ujazo wa chembe zote: takriban milimita za ujazo 112.
Kwa kuwa kila milimita ya ujazo ya almasi ina miligramu 3.5, uzito wote ni takriban gramu 0.4, yaani karati 2.

Basi kazi yote ya kinoo hicho imo katika karati 2 za almasi zilizoshikwa na utando mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Nikeli yenyewe ni laini. Katika safu ya Mohs iko karibu na 4, ilhali chuma cha kisu kiko juu yake. Chembe ing'okapo katika nikeli hairudi, na chini yake hakuna safu ya pili.

Vipo pia vinoo ambavyo almasi imechanganywa na gundi ngumu au na metali hadi unene wa milimita moja au zaidi. Hivyo vikilika juu, chembe mpya hutokeza kutoka chini. Huishi muda mrefu, lakini uso wake hubonyea kidogo kidogo na huhitaji kusawazishwa.

4. Mambo ya kutazama dukani

Kwanza, unyofu. Mnunuzi aweke rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya kinoo, kwa urefu na kwa mshazari, kisha atazame kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati au pembeni kwa wingi, bapa limepinda. Bapa lililopinda haliwezi kunyooshwa nyumbani, wala patasi ya seremala haitapata makali yaliyonyooka juu yake.

Pili, unene wa bapa. Vinoo vingi vya bei nafuu ni karatasi nyembamba ya chuma iliyogandishwa juu ya plastiki. Havina ubaya kwa visu vya jikoni ikiwa gundi ni nzuri. Mnunuzi agonge polepole kwa ukucha kutoka mwisho hadi mwisho: sauti ikibadilika na kuwa ya utupu mahali fulani, karatasi imeachana na plastiki.

Tatu, usawa wa chembe. Kwa lenzi ya mkono, uso wafaa uonekane kama mchanga uliotandazwa sawasawa. Madoa yanayong'aa pasipo chembe, au chembe moja moja kubwa zilizoinuka juu ya wenzake, ni dosari. Chembe moja kubwa katika kinoo laini huacha mkwaruzo ambao chembe elfu ndogo haziwezi kuufuta.

Nne, ukubwa wa chembe. Hapa wengi hupotoshwa na namba. Namba 325 kwa desturi hutokana na wavu wenye matundu 325 katika inchi moja, na chembe zake ni za takriban mikromita 45. Lakini kila nchi ina utaratibu wake. Namba 1000 katika kipimo cha Ulaya chenye herufi F humaanisha chembe za takriban mikromita 4.5, ilhali namba hiyo hiyo katika kipimo cha Kijapani humaanisha takriban mikromita 11.5. Kwa hiyo msomaji aulize mikromita, asiulize namba pekee. Kwa kazi za kawaida mgawanyo huu watosha:

Mikromita 60: kuondoa mapengo katika panga au shoka.
Mikromita 45: kurudisha makali yaliyokufa.
Mikromita 25: kunoa kisu cha kila siku.
Mikromita 9: kulainisha makali ya patasi, randa na kisu cha minofu.

Tano, ni almasi kweli? Wauzaji wengine huonyesha ubora kwa kukwaruza kioo cha dirisha. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Kioo kina ugumu wa 5.5, nacho hukwaruzwa na mchanga, na korundi, na kaborandamu, na almasi pia. Jaribio ambalo wote hulipita haliwezi kumtenga mmoja. Lililo bora ni kutumia kitu kigumu zaidi, kama ncha ya kabaidi iliyo kwenye keekee ya kutobolea ukuta wa zege. Korundi huikwaruza ncha hiyo kwa shida kubwa. Kinoo cha almasi huikwaruza mara moja, hata mkono ukiwa mwepesi. Kaborandamu nayo huweza kuikwaruza, lakini polepole zaidi. Kwa sababu hiyo mwenye shaka na alinganishe vinoo viwili kando kwa kando.

5. Mkono unaoua kinoo

Sasa turudi kwenye lalamiko la kwamba almasi imekwisha. Mtu aliyezoea kinoo cha kaborandamu kilichochakaa hujifunza kukandamiza, kwa sababu pasipo kukandamiza hakikati. Anapopata kinoo cha almasi huja na mkono ule ule.

Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Tufanye kwamba ubavu wa makali unaogusa kinoo una upana wa milimita 0.5 na urefu wa milimita 30, yaani eneo la milimita za mraba 15. Mnoaji mwenye mkono mwepesi hukandamiza kwa kani ya nyutoni 6, sawa na uzito wa kitu cha gramu 600 hivi. Kanieneo yake ni nyutoni 0.4 kwa kila milimita ya mraba. Mwenye mkono mzito hukandamiza kwa nyutoni 30, na kanieneo huwa nyutoni 2, mara tano ya ile ya kwanza.

Lakini hatari kubwa iko mwisho wa mkupuo, wakati mnoaji anapoinua mpini na ncha ya kisu pekee ikabaki juu ya bapa. Eneo la mguso likipungua hadi milimita ya mraba 0.5, zile nyutoni 30 huwa kanieneo ya nyutoni 60 kwa milimita ya mraba, mara 150 ya mkono mwepesi. Mzigo uliobebwa na maelfu ya chembe sasa umeangukia chembe zisizofika 200, na kwa kweli hubebwa na zile chache tu zilizo ndefu. Nikeli laini haiwezi kuzishika. Nyingine hupasuka, nyingine hung'oka. Ndiyo sababu vinoo vingi vilivyokufa huwa na upara katika mistari na pembeni, ilhali sehemu nyingine bado ni nzima.

Hapana budi pia kujua tabia ya kinoo kipya. Siku za kwanza hukwaruza kwa ukali mno, kwa sababu kina chembe zilizoinuka kupita kiasi na nyingine zilizoshikwa vibaya. Baada ya kunoa visu kadhaa, hizo huondoka na kinoo hutulia. Wengi hudhani kwamba kimeharibika, nao huanza kukandamiza ili wapate ule ukali wa siku ya kwanza. Kwa kufanya hivyo hukiharibu kweli.

Kanuni basi ni hii: uzito wa kisu chenyewe na wa vidole viwili vilivyolala juu yake unatosha. Almasi hukata kwa ugumu wake, haihitaji kusaidiwa kwa mabavu.

6. Pembe ya makali

Mkono mwepesi pekee hautoshi ikiwa pembe hubadilika kila mkupuo. Hesabu za pembetatu hutoa njia rahisi ya kuipata pembe. Kisu kikilala juu ya kinoo, kimo cha mgongo wake kutoka kwenye bapa ni sawa na upana wa kisu mara saini ya pembe. Kwa kisu chenye upana wa milimita 40:

Pembe ya nyuzi 15: kimo cha milimita 10.4.
Pembe ya nyuzi 20: kimo cha milimita 13.7.
Pembe ya nyuzi 25: kimo cha milimita 16.9.

Kisu cha kukatia matunda na minofu chafaa nyuzi 15 kila upande, kisu cha kazi zote nyuzi 20, na panga la kufungulia madafu nyuzi 25 au zaidi, maana makali membamba hukunjika yakipiga kifuu. Mwanafunzi aweza kukata kipande cha mti chenye kimo hicho, akakiweka chini ya mgongo wa kisu ili aone pembe, kisha akakiondoa na kuanza kunoa.

Dalili kwamba upande mmoja umekwisha kunolewa ni utepe mwembamba wa chuma unaojitokeza upande wa pili wa makali. Hausikiki kwa kutazama, bali kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kukipitisha juu ya makali yenyewe. Utepe huo ukionekana urefu wote, geuza kisu. Mwisho, uondoe kwa mikupuo michache myepesi ya kubadilishana pande, na kwa kupitisha kisu juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

7. Utunzaji

Maji. Kinoo cha almasi chaweza kutumiwa kikavu, lakini maji yenye tone la sabuni hubeba vumbi la chuma lisizibe nafasi kati ya chembe. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu huganda na kunata. Kazi ikiisha, kinoo kisuguliwe kwa mswaki mzee na sabuni, kisuuzwe, kisha kikaushwe mara moja.

Kutu. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, hewa ina unyevu na chumvi. Nikeli yenyewe haishiki kutu upesi, na hapo watu hujiona salama. Lakini linganisha bapa hili na bati la paa. Bati limefunikwa kwa zinki, ambayo katika safu ya kielektrokemia ni tendi zaidi kuliko chuma. Bati likikwaruzwa, zinki huliwa kwanza na chuma husalimika. Nikeli ni tendi kidogo kuliko chuma. Utando wake ukitoboka hata kwa tundu dogo, chuma kilicho chini ndicho kiliwacho, tena upesi zaidi pale kwenye tundu, na kutu huusukuma utando juu mpaka ubanduke pamoja na almasi zake. Kinoo kilichoachwa na maji usiku kucha huharibika kwa njia hiyo. Kikaushwe, kifungwe katika kitambaa kikavu, kisiwekwe chumvini wala karibu na ndimu.

Vitu visivyofaa. Alumini na shaba ni laini, nazo huziba chembe. Kusawazishia kinoo cha kaborandamu juu ya kile cha almasi nako kwafaa kuepukwa na mwenye kinoo kimoja tu, kwani matope ya kaborandamu hupita kati ya almasi na kuila nikeli mpaka chembe zikose mshiko.

Joto. Bapa la almasi lisifungwe kwenye mota ili kunoa chuma kwa kasi. Almasi ni kaboni. Hewani huanza kuungua karibu na nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi. Zaidi ya hayo, chuma chenye moto huinyonya kaboni hiyo, na almasi huliwa na kile ilichokuja kukikata. Kwa sababu hii viwanda vinavyochonga chuma cha pua kwa kasi hupendelea nitridi ya boroni yenye fuwele za mchemraba, ambayo Robert Wentorf aliitengeneza mwaka 1957. Katika kunoa kwa mkono joto halifiki huko, na almasi hubaki salama. Mnoaji wa gurudumu pia ana la kuangalia: cheche si hatari kwa almasi pekee. Makali ya panga yakigeuka rangi ya majani makavu, yamefika nyuzi 220 hivi. Yakigeuka buluu, yamefika karibu 300, nayo yamepoteza ugumu wake. Panga hilo litakuwa kali leo na butu kesho.

8. Nani anakihitaji?

Si kila mtu anahitaji kinoo cha almasi. Panga la kawaida na kisu cha chuma chenye kaboni hunolewa vizuri kwa tupa au kaborandamu, vitu vilivyo rahisi kupatikana Kariakoo. Almasi huwa ya lazima pale chombo chenyewe kina chembe ngumu ndani yake. Baadhi ya visu vya chuma kisichoshika kutu vina kabaidi za kromi na za vanadi. Hizi za vanadi hufikia ugumu unaozidi ule wa korundi. Kinoo cha korundi huzizunguka tu bila ya kuzikata. Vivyo hivyo, seremala mwenye ncha za kabaidi hana njia nyingine iliyo rahisi.

Mwenye kibanda cha matunda mwenye visu viwili, akitaka kununua kimoja tu, yamfaa kinoo cha mikromita 25 kilichonyooka, pamoja na kipande cha mkanda wa ngozi. Muuza nyama anoaye kila asubuhi aongeze cha mikromita 45. Kununua seti ya vinoo sita vya karatasi nyembamba kwa bei ya kimoja kizuri mara nyingi ni kununua plastiki.

9. Majaribio ya darasani

Mwalimu asimamie majaribio haya mwenyewe, na wanafunzi waanze kwa rula ya chuma kabla ya kushika kisu.

(a) Weka kinoo juu ya mizani ya dukani, na irudishe mizani kwenye sifuri. Kila mwanafunzi asugue rula kama anayenoa, na mwenzake asome mizani. Geuza gramu ziwe nyutoni, kisha tafuta kanieneo kwa maeneo ya mguso yaliyotajwa katika sehemu ya 5.

(b) Paka rangi ya kalamu kwenye ubavu wa makali, noa mikupuo mitano, kisha tazama mahali rangi ilipofutika. Je, pembe ilikuwa kubwa au ndogo kuliko ile ya zamani?

(c) Kwaruza kipande cha bati la paa na kipande cha chuma kilichopakwa nikeli, viache katika maji ya chumvi kwa wiki moja, na eleza tofauti kwa kutumia safu ya kielektrokemia.

Maswali

1. Kinoo cha milimita 200 kwa 75 kina chembe za mikromita 9 zilizofunika nusu ya uso wake. Tafuta uzito wa almasi kwa karati. Kwa nini ni mdogo kuliko wa kinoo cha mikromita 45, ilhali uso ni mkubwa zaidi?

2. Panga lina upana wa milimita 50. Mgongo uinuliwe kiasi gani ili pembe iwe nyuzi 25?

3. Muuzaji asema kinoo chake ni cha almasi kwa kuwa kimekwaruza kioo. Onyesha kasoro ya hoja hiyo, na upendekeze jaribio lililo bora.

Hitimisho

Kinoo kilichokufa mikononi mwa muuza nyama wa Kariakoo, mara nyingi, hakikufa kwa upungufu wa almasi. Almasi ilikuwa tayari kufanya kazi miaka mingi. Utando wa nikeli, ambao haukutajwa na muuzaji wala kutazamwa na mnunuzi, ndio ulioshindwa. Katika vyombo vingi hali huwa hivyo: sifa hupewa kilicho kigumu, na maisha ya chombo hutegemea kile laini kinachokishika. Anayelijua hilo atanunua mara moja, atakandamiza kidogo, atakausha vizuri, na makali yake yatakuwapo asubuhi atakapoyahitaji.